Sura ya Sita: Nani Ameshika Metorex?

Kwenye depo za Musompo, nje ya Kolwezi katika barabara ya Likasi, mchimbaji akishusha mifuko yake kutoka kwenye pikipiki hakuna anayemuuliza amelala shimoni siku ngapi. Mnunuzi anachota mawe kidogo, anayaelekezea kifaa cha mkononi chenye umbo la bastola, anasubiri, kisha anatamka namba. Kifaa hicho Kolwezi nzima inakiita Metorex. Namba ni asilimia ya kobalti au ya shaba iliyomo kwenye mawe, na bei hufuata asilimia. Mchimbaji akitajiwa moja na nusu wakati macho yake na uzito wa mfuko vilikwisha kumwambia ni tatu, hana pa kukata rufaa. Mashine si yake, mizani si yake, na jua linazama.

Wenye uzoefu hawabishani na mashine. Wanapeleka mawe kidogo depo hii, kidogo depo ile, wanalinganisha namba, ndipo wanauza mfuko. Wanajua kila namba waliyotajiwa imetoka kwa mtu mwenye maslahi, na kwamba ukweli, kama upo, uko mahali fulani katikati ya namba hizo.

Naanzia kwenye depo kwa sababu sijaona mahali pengine panapoonyesha vizuri hivyo jinsi mtu wa kawaida wa mkoa huu wa Lualaba, nchini Kongo, anavyozipokea habari za siasa kwenye simu yake. Wageni wanaochungulia makundi ya WhatsApp ya Kolwezi hutoka wakisema watu hawa wanaamini kila uvumi. Mimi naona wanasikiliza kama wauzaji wa mawe. Kabla ya kuuliza kama habari ni ya kweli, wanauliza nani ameshika mashine: nani ametuma, anakula kwa nani, na anataka tufanye nini baada ya kusikia. Ni njia nzuri ya kufikiri kwa sehemu kubwa. Kwa sehemu nyingine ni ya hatari, na nitafika huko.

Tabia hii ni ya zamani kuliko simu. Nchi hii ya shaba imekuwa na watu wanaojieleza siasa yao wenyewe, kwa Kiswahili, tangu kabla ya uhuru. Mwaka 1953, katika parokia ya Ruwe hapo hapo Kolwezi, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, alianza kukaa na wafanyakazi wa mgodi na wake zao katika vikundi vilivyoitwa Jamaa. Walizungumzia dini, naam, lakini mtu aliyezoea kusikilizwa jioni kwenye Jamaa ilikuwa vigumu kumnyamazisha asubuhi kazini. Mwaka 1965, waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, walitoa historia ya mji wao kwa Kiswahili chao, ikiandikwa na André Yav. Hawakumwomba mtaalamu ruhusa. Mwaka 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia yote ya Zaire, Kongo ya leo, takriban picha mia moja, akizieleza moja moja kwa mwanaanthropolojia Johannes Fabian kwa Kiswahili cha mtaani. Na mwaka 1986 kundi la maigizo la Mufwankolo lilitunga mchezo mzima kutokana na usemi kwamba utawala huliwa mzima, haugawanywi. Rais Mobutu alikuwa bado kitini. Watazamaji hawakuhitaji kutajiwa jina lake.

Katikati ya hayo yote kulikuwa na ile iliyoitwa radio trottoir, redio ya kando ya barabara, ambayo haikuwa na kituo wala mtangazaji na iliyosikika kuliko redio ya taifa. Ilikuwa na kanuni zake. Habari ilipitishwa pamoja na jina la aliyeileta: imetoka kwa dereva wa mkubwa fulani, imetoka kwa mpishi wa fulani. Msikilizaji alipima ukaribu wa mpishi na sufuria. WhatsApp imeiharibu kanuni hiyo kwa kiasi, maana ujumbe uliosambazwa mara nyingi unafika bila mpishi. Watu wamelazimika kubuni njia nyingine za kumtafuta.

Njia mojawapo ni lahaja. Ujumbe wa sauti, au vokali kama wanavyosema, ndio chombo kikuu cha siasa Kolwezi, kwa sababu hauhitaji kujua kuandika na unasikilizika huku mikono ikiosha mawe. Sauti hubeba ushahidi. Mtu anayesema "bakubwa beko banakula peke yabo" amekulia Katanga, na matamshi yake yanaweza hata kudokeza kama ni mtoto wa Musonoie, wa Kapata au wa bondeni Luilu. Mtu anayedai kuwa mchimbaji wa Kasulo huku akizungumza Kiswahili cha Goma, au akichanganya Kilingala kama aliyeshuka kwenye ndege ya Kinshasa jana, ataulizwa mara moja yeye ni nani. Ukaguzi huo unafanyika ndani ya dakika chache, na hakuna anayeuita ukaguzi.

Njia nyingine ni mhuri. Siasa ya Kongo inaandikwa kwa Kifaransa, kwenye karatasi yenye nembo, namba ya kumbukumbu, saini na mhuri, na karatasi hiyo inaingia kwenye kundi kama picha iliyopigwa kwa haraka. Wachache wanaisoma. Kisha mwalimu mstaafu, au katibu wa kooperativa, au binti aliyesoma sheria, anarekodi vokali ya dakika tatu akieleza kwa Kiswahili imesema nini. Hapo ndipo siasa inapoingia mjini kweli. Kila mtu anajua mfasiri huyo ana upande. Ndiyo maana baada ya vokali ya kwanza hufuata ya pili yenye maelezo tofauti ya aya ileile, na wasikilizaji wanakuwa na namba mbili za kulinganisha.

Kuna somo moja la siasa ambalo halikuhitaji mfasiri. Mwaka 2020 serikali ilianzisha ada ya kusajili simu, iliyojulikana kwa kifupi chake, RAM: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya kawaida, dola 7 kwa simu inayoshika 3G au 4G. Haikulipwa dirishani. Ilikatwa kimya kimya kwenye salio. Mtu alinunua vocha asubuhi, akakuta imepungua kabla hajapiga simu. Sidhani kama kuna mhadhara wowote wa uraia uliowahi kuwafundisha Wakongo wengi hivyo kwa wakati mmoja maana ya kodi. Maswali yaliyozagaa yalikuwa ya mtu aliyekwisha elewa: nani ameidhinisha, pesa inaingia akaunti gani, na kwa nini huduma hatuioni. Wabunge walifuata kelele badala ya kuziongoza. Mwaka 2022 ada ikafutwa. Ushindi ule haukuwa na jukwaa wala shujaa, na labda ndiyo sababu hauzungumzwi sana. Lakini mtu aliyeshuhudia salio lake likiacha kuliwa amejifunza kwamba kulalamika kwa pamoja kunaweza kuzaa kitu.

Kolwezi ilihitaji somo hilo, kwa sababu hapa serikali ni kitu kipya. Kwa wazee wa mji, aliyetawala alikuwa kampuni. Union Minière, na baada ya mwaka 1967 Gécamines, ndiye aliyetoa nyumba, unga wa kila mwezi, hospitali, shule, hata timu ya mpira. Miaka ya themanini kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, na baada ya miaka michache uzalishaji ulikuwa umeanguka hadi karibu sehemu ya kumi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari, na madai yao ya malipo bado yanazunguka kwenye makundi ya wastaafu na watoto wao. Mkoa wenyewe wa Lualaba ulizaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa kuwa mikoa minne. Gavana wa kwanza, Richard Muyej, aliwekwa kando Septemba 2021, naibu wake Fifi Masuka akakaimu, kisha akachaguliwa mwaka 2022. Kwa hiyo barabara ikichimbika leo mtaani, wengine bado wanataja kwanza jina la kampuni: KCC, COMMUS, Sicomines. Waziri anakumbukwa baadaye. Msomi wa Kinshasa anaweza kuliona hilo kama ujinga wa uraia. Mimi naona ni kumbukumbu sahihi ya nani aliwahi kutoa unga.

Sheria nayo imeupa mtazamo huo nguvu. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa mkoa, 15% kwa eneo la chini ambako mgodi upo, yaani wilaya ya mji, sekta au utawala wa chifu, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa mwaka huohuo, mrabaha wake ulipanda hadi 10%. Ghafla ofisi ya mtaa ambayo haikuwa na pesa ya karatasi ikawa na mapato ya mamilioni ya dola. Hapo ndipo mazungumzo yalipobadilika kabisa. Zamani mtu alilalamika kwamba Kinshasa inakula. Sasa anauliza burgomasta wa Dilala au wa Manika amejenga madarasa mangapi, na anatuma picha ya msingi uliomea majani. Hiyo 15% imekuwa namba maarufu kuliko kifungu chochote cha katiba. Watu ambao hawajawahi kuiona sheria yenyewe wanaitaja kwa uhakika wa mtu anayetaja bei ya unga.

Nisiwapambe. Kuna siku makundi haya yanakuwa tope tupu, hasa siku za maafa.

Tarehe 27 Juni 2019 ardhi iliwafukia wachimbaji katika eneo la KCC, mgodi wa kampuni ya Glencore. Kampuni ilisema kwanza waliokufa ni 19. Gavana alitaja idadi kubwa zaidi, na ikaishia 43. Makundi yalikuwa na idadi zao, kubwa kuliko zote. Kabla ya kuwacheka wa makundi, kumbuka kwamba namba ya kwanza ya kampuni ndiyo iliyokuwa ndogo mno. Siku chache baadaye jeshi lilipelekwa kuwaondoa wachimbaji, na watu wakajumlisha mambo hayo mawili kwa namna yao.

Miaka sita baadaye, tarehe 15 Novemba 2025, daraja la muda lilivunjika katika machimbo ya Kalando, Mulondo. Serikali ya mkoa ilitangaza vifo 32 kwa uchache. Taarifa ya SAEMAPE, idara ya serikali inayosimamia uchimbaji mdogo, ilisema milio ya risasi za askari iliwatia watu hofu wakakimbilia darajani kwa wingi. Tazama jinsi hilo lilivyo: habari ambayo kundi lingeweza kuitwa la wachochezi kwa kuisema, kwamba askari walipiga risasi, imo kwenye karatasi ya idara ya serikali yenyewe. Siku mbili baadaye ndege iliyombeba waziri wa madini, Louis Watum, akienda huko, ilishika moto ilipotua uwanja wa Kolwezi. Wote walitoka salama. Video ya moshi ilifika kila simu kabla ya abiria kufika mjini, na mtu yeyote anayewajua watu wa Kolwezi anaweza kukisia maelezo yaliyofuata: mizimu ya waliokufa, hujuma, mkono wa mkubwa fulani. Maelezo ya mizimu yasichukuliwe kijinga. Anayesema wafu wamekataa waziri apite anatoa hukumu ya kisiasa, na anaitoa kwa namna ambayo hakimu hawezi kumshtaki.

Ulimwengu wa nje nao una video zake za Kolwezi. Desemba 2022 mwandishi Siddharth Kara alizungumza kwenye kipindi cha Joe Rogan huko Marekani, na picha za maelfu ya wanaume katika shimo la Shabara zikazunguka dunia nzima. Zilirudi Kolwezi zikiwa na maandishi ya Kiingereza juu yake. Duniani zilizua huruma. Nyumbani zilizua swali gumu zaidi: je, huruma hii itapandisha bei depo, au itafunga shimo?

Sasa ile hatari niliyoiahidi. Swali la nani ameshika mashine linaweza kujibiwa kwa jina la ofisi, la kampuni au la chama. Linaweza pia kujibiwa kwa jina la kabila, na hilo ndilo jibu rahisi kuliko yote. Kolwezi inajua mwisho wake. Mwaka 1992 na 1993, enzi za gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa mamia ya maelfu. Familia ambazo baba na babu walizaliwa kwenye kambi za mgodi zililala stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja behewa, na wengi walikufa wakisubiri au njiani. Haikuhitajika intaneti. Hotuba na mdomo vilitosha.

Leo, rais anapotoka Kasai na vijana wa Kasai wanapofika Kolwezi kutafuta riziki ya mashimo na pikipiki, vokali zilezile zinarudi zikiwa zimevaa nguo mpya. Hazisemi tena wafukuzeni. Zinataja orodha ya majina ya wakurugenzi na kumwachia msikilizaji ajumlishe. Upande wa pili nao hujibu kwa orodha yake. Orodha ina sura ya ushahidi, ndiyo maana inaumiza kuliko tusi. Nimesema watu hawa ni wapimaji wazuri wa habari, na bado nasema hivyo, ila upimaji wao una shimo hapa: ukishajua ukoo wa msemaji, unaacha kupima maneno yake. Msimamizi wa kundi mwenye busara hufuta orodha hizo usiku uleule. Yule mwenye maslahi hulala.

Serikali imechagua dawa mbili kwa maradhi haya, na zote mbili naziona mbaya. Ya kwanza ni kuzima. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchi nzima kuanzia siku iliyofuata, na haikurudi hadi takriban siku ishirini kupita, Mahakama ya Katiba ilipokuwa ikikamilisha kazi ya matokeo. Mji wa mpakani wa Kasumbalesa ulikuwa na bahati, kwa kuwa aliyeshika laini ya Zambia aliweza kupata mtandao. Kolwezi iko mbali mno na Kasumbalesa kwa ujanja huo. Watu walirudi kwenye kando ya barabara. Kutokuwapo kwa habari kulisomwa kama habari: kama hesabu ingekuwa safi, walisema, wangetuachia taa.

Ya pili ni sheria. Kanuni ya dijitali ya Machi 2023 inaadhibu kusambaza habari za uongo mtandaoni, na Septemba mwaka huo mwanahabari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa kuhusiana na waraka juu ya kifo cha mwanasiasa Chérubin Okende. Upande wa mashtaka ulijikita katika nani alikuwa wa kwanza kuutuma waraka huo kwenye mtandao wa kijamii. Alikaa gerezani miezi sita, akatoka Machi 2024. Kesi ilikuwa ya Kinshasa, lakini somo ni la kila msimamizi wa kundi: anayetuma kwanza ndiye mwenye kosa. Hapo sheria inavunja kile kilichobaki cha kanuni ya zamani. Mpishi akijua atafungwa, ataondoa jina lake kwenye habari, na habari isiyo na jina ndiyo ile ambayo hakuna anayeweza kuipima. Sheria iliyotungwa kupunguza uvumi inawafundisha watu kuutengeneza vizuri zaidi.

Wakati huohuo maisha yanaendelea kutoa maswali mapya. Tarehe 22 Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne ili bei ya dunia, iliyokuwa imeanguka vibaya, ipande. Uamuzi ulitolewa na ARECOMS, mamlaka ambayo wengi Kolwezi hawakuwa wamewahi kulisikia jina lake. Zuio likaongezwa miezi mitatu. Kisha, kuanzia Oktoba 16, likaja badala yake gawio: tani 18,125 kwa kipindi kilichobaki cha mwaka, na tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027, zikigawanywa kwa kampuni kufuatana na zilichosafirisha zamani, na tani 9,600 kati ya hizo zikiwa mkononi mwa mamlaka yenyewe.

Kutoka mbali, hatua hii inaweza kusomeka kama sera ya nchi inayojifunza kutumia nguvu zake sokoni. Inawezekana. Ila aliyekuwa Musompo na mifuko ya kobalti aliisoma sera hiyo kutoka upande mwingine. Bei ya dunia ikipanda kwa sababu mzigo mdogo unatoka, anayefaidi ni mwenye gawio. Mchimbaji hana gawio. Anamuuzia mwenye gawio, au anamuuzia mtu anayemuuzia mwenye gawio. Hesabu hiyo ilifanywa kwenye makundi kwa vokali, bila jedwali, na sijaona kosa ndani yake. Lililokuwa likisubiriwa ni picha ya karatasi yenye mhuri, inayoonyesha kampuni ipi imepewa tani ngapi, na mtu wa kuisoma kwa Kiswahili.